Sanduku la Maswali: Ukiulizwa imani yako, jibu bila kupandisha sauti

Barua za mwezi huu zinafanana kiini. Mkatoliki kaulizwa, kajibu, kakasirika, na sasa ama hasemezani na mwenzake ama anaona ameiaibisha imani aliyotaka kuitetea. Tumechagua nane. Majina tumeyaacha, kazi na mahali vinatosha.

Saa ya ugali imegeuka mahakama

*Tumsifu Yesu Kristo. Tuko mafundi saba gereji moja. Mmoja ameokoka, na kila tukikaa kula anaanza: "Nyie Waroma mnaabudu Maria na masanamu." Nikianza kumjibu anarukia toharani, mara Papa, mara ubatizo wa watoto wachanga. Mwisho sauti inapanda, mikono inatetemeka, wenzetu wanacheka. Biblia naijua kidogo tu. Nifanyeje? (Fundi, Morogoro)*

Milele amina, fundi. Unaandika kwamba Biblia unaijua kidogo, kana kwamba hapo ndipo penye kasoro. Sisi tunaiona kwanza kwenye hiyo mikono. Mtu akishambuliwa mbele za watu, mwili wake haujui kwamba mada ni Bikira Maria, unajiandaa kupigana. Moyo unakwenda mbio, pumzi inafupika, mdomo unakauka, na maneno uliyoyapanga jana yanakukimbia. Ukishafika huko, utulivu haurudi kwa dakika mbili. Kwa hiyo kazi yako ni kuzuia usifike huko. Aya kali zaidi haitakusaidia, maana utaisoma kwa sauti ileile ya ugomvi.

Una tonge mdomoni: litafune mpaka liishe. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara tatu. Kama umesimama, kaa. Sauti yako ya kwanza iwe chini kuliko yake, na akipandisha tena, wewe shusha tena. Ni vigumu kuendelea kumfokea mtu anayekujibu taratibu.

Kisha uliza, usijibu bado. "Ukisema tunaabudu, umetuona tukifanya nini?" Swali hili si ujanja. Neno "mnaabudu" limebeba vitu vitatu au vinne kwa pamoja, na wewe hujui kinachomkera ni kipi. Huenda ni kupiga magoti mbele ya sanamu, huenda ni neno "Mama wa Mungu", huenda ni rozari aliyoiona imening'inizwa garini kama hirizi. Kila kimoja kina jibu lake, na Wakatoliki wengi hupoteza mazungumzo kwa kujibu kile ambacho hakikuulizwa. Akishataja, mrudishie maneno yake: "Kwa hiyo hofu yako ni kwamba heshima ya Mungu tunampa kiumbe. Nimekuelewa?" Usiendelee mpaka aseme ndiyo. Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliweka kanuni hii mwanzoni mwa Mazoezi yake ya Kiroho: Mkristo awe mwepesi zaidi kuyapa maneno ya mwenzake maana nzuri kuliko kuyahukumu, akishindwa, amuulize anayaelewaje, na kama kweli mwenzake amekosea, amrekebishe kwa upendo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki imeichukua namba 2478. Angalia mpangilio: kusahihisha kunakuja mwisho.

Sasa jibu lenyewe. Hapa Kiswahili kinakutega na kukusaidia papo hapo. "Kuomba" kwetu ni neno la kanisani na la jikoni. Ukimwambia mwenzako "naomba spana namba kumi na tatu", hujamwabudu. Tukisema "tunamwomba Maria", mwenzako anasikia ibada, sisi tunamaanisha kumtuma atuombee. Mwonyeshe ndani ya sala zenyewe. Kwenye litania, tukimtaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu tunajibu "utuhurumie". Tukifika kwa Maria na watakatifu kitenzi kinabadilika, tunajibu "utuombee". Hakuna anayekosea, hata bibi asiyejua kusoma. Salamu Maria nayo, nusu ya kwanza ni maneno ya malaika na ya Elizabeti, Luka 1:28 na 1:42, na nusu ya pili inaishia kwenye "utuombee sisi wakosefu".

Kuhusu sanamu, mwenzako atasoma Kutoka 20:4-5. Wewe utataja makerubi ya dhahabu juu ya sanduku la agano, Kutoka 25:18, na nyoka wa shaba, Hesabu 21:8-9, vyote kwa agizo la Mungu yuleyule. Wengi wetu huishia hapo, na ni kosa, kwa sababu anayeijua Biblia atakufungulia 2 Wafalme 18:4, ambapo mfalme Hezekia alimvunjavunja nyoka huyohuyo kwa kuwa watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Itaje wewe kwanza. Sema: "Kitu kilekile kilikuwa halali, kikaharibiwa na matumizi. Hofu yako ina msingi, na kwetu wapo wanaoikosea." Hiyo rozari ya hirizi ni ushirikina kwa mafundisho yetu wenyewe, Katekisimu inalikemea jambo hilo namba 2111. Ukikubali palipo kweli, mwenzako hana tena sababu ya kupiga kelele ili akubaliwe.

Akirukia toharani, usimfuate wala usimcheke. "Hilo nalo nalitaka. Tumalize hili, au tuliweke kesho?" Mada moja, mlo mmoja. Iandike kwenye boksi tupu la spea kama ni lazima, aone hukimbii. Anayeruka mada mara nyingi si mjanja: amefundishwa orodha, na anaogopa muda utaisha kabla hajaimaliza.

Na hao wanaocheka ndio wanaowapandisha jukwaani nyote wawili. Mbele yao hakuna atakayesema "sikuwa nalijua hilo". Mwambie muongee mkielekea stendi jioni, wawili tu. Pia acha kumwita Mlokole kwa lile tabasamu la pembeni. Muulize kanisa lake linaitwaje, ulitaje kwa jina hilo.

"Umeokoka?"

*Napanda daladala kila asubuhi na mhubiri ananiuliza hivyo mbele ya abiria wote. Nikisema ndiyo, anasema Wakatoliki hawajaokoka. Nikisema hapana, ananiombea kwa kelele. (Mwanafunzi, Dar es Salaam)*

Tumia nyakati za kitenzi. "Tuliokolewa," Warumi 8:24. "Tunaookolewa," 1 Wakorintho 1:18. "Tutaokolewa," Warumi 5:9. Paulo ametumia -li-, -na- na -ta-, na Mkatoliki anazikiri zote tatu: neema aliyokwisha kupewa katika ubatizo, safari anayoendelea nayo, na tumaini asilojivunia kama vile amelishika tayari. Ukisema hivyo kwa sentensi moja na kutabasamu, inatosha. Akitaka kukuombea, mwache akuombee na useme amina kwa lililo jema. Daladala si mahali pa zaidi ya hapo. Anayeshuka Ubungo hatasikia mwisho wa hoja yako.

Hesabu ya 666

*Jirani yangu Msabato ni mtu mwema sana, tulichangia naye hata msiba. Lakini ameniletea karatasi inayoonyesha jina la Papa kwa Kilatini linajumlisha 666, na kwamba Papa ndiye aliyebadili Sabato kuwa Jumapili. Nilipiga hesabu mwenyewe, ni kweli inatoka 666! Nimekosa usingizi. (Mwalimu, Tarime)*

Hesabu ni sahihi, mwalimu, na usiikatae. Maneno ni *Vicarius Filii Dei*, "Wakili wa Mwana wa Mungu". Ukizihesabu herufi zenye thamani ya namba za Kirumi, neno la kwanza linatoa 112, la pili 53, la tatu 501, na jumla ni 666, namba ya mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Swali la kuuliza ni hili: je, hilo ni jina rasmi la Papa? Silo. Jina linalotumika ni Wakili wa Kristo, *Vicarius Christi*, pamoja na Askofu wa Roma na mengineyo. Maneno ya kwenye karatasi yanapatikana katika hati iitwayo Majaliwa ya Konstantino, hati ya kughushi ya karne ya 8, ambayo Lorenzo Valla, msomi wa Italia, aliifichua mwaka 1440; na hata humo yanamhusu Mtume Petro. Mwambie jirani pia jambo lisilotupendeza: mwaka 1915 gazeti moja la Kikatoliki la Marekani lilichapisha kwamba maneno hayo yameandikwa kwenye kofia ya Papa. Lilikosea, lakini anayeshika nakala ya gazeti hilo hajatunga kitu. Na ni haki ajue kwamba hata kati ya wasomi wa Kisabato wapo walioiacha hesabu hii.

Sasa tahadhari. Kuna mtu atakunong'oneza kwamba jina la Ellen Gould White, mwanzilishi mwenza wa Waadventista, nalo linatoa 666. Ni kweli: 100, 555 na 11, ukihesabu W kama V mbili. Usilitumie. Wanaolitumia husema wanataka tu kuonyesha kwamba mchezo wa herufi hauthibitishi kitu, na kimantiki wako sawa. Lakini jirani yako hatasikia mantiki, atasikia umemwita mama yake wa kiroho mnyama. Kama unataka kufikia hoja hiyohiyo bila jeraha, muulize: "Ukipewa majina elfu na ruhusa ya kuchagua lugha, utakosa moja linalofika 666?"

Kuhusu Jumapili, gawa mambo mawili. Sheria ya Kaisari Konstantino wa Roma ya mapumziko ya Jumapili ni ya mwaka 321, na jirani ana haki kuitaja. Ila Wakristo walikuwa wakikusanyika siku hiyo tangu zamani: Matendo 20:7, kisha askofu Ignasi wa Antiokia mwanzoni mwa karne ya 2, kisha Yustino mfiadini, kama mwaka 155, anayeeleza Misa ya siku inayoitwa ya jua hatua kwa hatua. Kwa hiyo Konstantino hakuanzisha ibada, aliikuta. Jirani anaweza kukujibu kwa katekisimu zetu za zamani zilizoandika waziwazi kwamba Kanisa lilihamisha adhimisho kutoka Jumamosi kwenda Jumapili. Zipo, usikane. Katekisimu ya sasa, namba 2175, inaitofautisha Jumapili na Sabato, na inasema kwa Wakristo adhimisho la Jumapili limechukua nafasi ya lile la Sabato. Hapo ndipo tofauti ya kweli ilipo kati yenu: yeye anauliza Kanisa lina mamlaka gani, na swali hilo ni zito kuliko karatasi yake yote. Mlifikie pamoja, halafu mnaweza kuliacha wazi. Jumamosi ijayo usimpelekee kazi za mtaa.

Sijui

*Je, ni dhambi kusema sijui? Naona kama naikana imani. (Kijana wa VIWAWA, Mbeya)*

Si dhambi. Kubuni jibu ndiko kunakokaribia dhambi, maana umesema uongo kwa jina la Kanisa. Sema: "Sijui, nipe mpaka Jumapili." Kisha kweli umrudie Jumapili, hata kama yeye amesahau. Katekisimu ina namba 2865 na faharasa nyuma. Ukishindwa, muone katekista ukiwa na swali lililoandikwa kwa maneno ya aliyekuuliza, si kwa maneno yako.

Shemeji yangu ni Mwislamu

*Dada yangu ameolewa na Mwislamu. Shemeji tunapendana na tunataniana, lakini Idd iliyopita alisema "Mungu wenu amezaa", nami nikamjibu vibaya kuhusu Mtume. Pilau ililiwa kimya. Nataka kuongea naye vizuri safari ijayo. (Mfanyabiashara, Tanga)*

Kwanza liondoe lile la Mtume. Nenda ukamwombe radhi kwa hilo peke yake, bila kuliunganisha na alichosema yeye. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko *Nostra Aetate* la Oktoba 28, 1965, unasema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, na kuwaalika wote wayasahau yaliyopita na wajibidiishe kuelewana. Mambo ya kumkashifu Mtume hayamo popote katika mafundisho yetu. Kwa Tanzania ni suala la sheria pia: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inazuia maneno ya makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu. Mtaani hilo husahaulika.

Sasa hoja. Akisema "Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa", anataja Surat Ikhlas, na kinachomchukiza ni wazo la Mungu kuwa na mke na mtoto kama binadamu. Anza hapo: "Shemeji, hilo hata sisi tunalikataa." Mkristo anayeamini Mungu alimwoa Maria hayupo. Utatu si Mungu, Maria na Isa. Anayekataa Utatu wa namna hiyo anakataa kitu ambacho sisi nasi tunakikataa. Mkishaliondoa hilo mezani mtakuwa mmepumua. Ila usilifiche linalobaki. Sisi tunakiri kwamba Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli, na kwamba alikufa msalabani. Yeye anayakana yote mawili. Kulainisha hapo ili pilau ilike ni kumdharau, kana kwamba hawezi kuvumilia kusikia unachoamini. Liseme kwa sentensi moja, kwa heshima, halafu mwachie nafasi.

Usimfundishe Kurani yake inamaanisha nini. Huenda umekariri aya mbili tatu kutoka kanda za mihadhara. Naye amekariri za Injili kutoka kanda za upande wa pili, na mkianza kurushiana, kila mmoja anasoma kitabu cha mwenzake kwa jicho la kutafuta kosa. Eleza chako, muulize aeleze chake. Kurani yenyewe, Surat Ankabut 29:46, inawaagiza Waislamu wasijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo nzuri zaidi. Kumkumbusha hilo si vibaya kama nawe umejifunga kwalo.

Fransisko wa Asizi alikwenda Damietta, Misri, mwaka 1219, vita vya msalaba vikiwa vimepamba moto, akazungumza na Sultani al-Malik al-Kamil na akarudi salama. Miaka miwili baadaye, katika kanuni aliyowaandikia ndugu zake, aliwapa wanaokwenda kuishi kati ya Waislamu njia mbili. Ya kwanza ni kutokushindana wala kubishana, kuwa chini ya kila mtu kwa ajili ya Mungu, na kukiri kwamba wao ni Wakristo. Ya pili, kulitangaza Neno, inakuja watakapoona Mungu anapendezwa. Shemeji yako yuko kwenye ile ya kwanza. Mtaniane.

Mwanangu amehama

*Binti yangu, miaka 24, ameokoka na kubatizwa upya kwa maji mengi. Amenirudishia rozari ya marehemu bibi yake. Anasema nisipobadilika nitakwenda motoni. Baba yake anataka aitwe kikao cha ukoo. Mimi nalia tu. (Mama, Moshi)*

Mama, pole. Kikao kisifanyike. Wajomba sita wakimkalisha msichana na kumhoji imani yake, atatoka na hakika mbili: kwamba yuko sahihi, na kwamba anateswa kwa ajili yake. Usimpigie paroko simu amfuate kazini, na usimnyunyizie maji ya baraka kitandani akiwa amelala. Atajua.

Monika, mama wa Agostino, yalimpata haya. Mwanawe alipoingia kwa Wamaniki, wafuasi wa dini ya Mani, alimkatalia hata meza yake, kisha akampokea tena. Akamwendea askofu mmoja, amsihi abishane na kijana huyo, na askofu akakataa. Alisema kijana bado amejaa upya wa mafundisho yale na hafundishiki. Amwache, amwombee tu, naye kwa kusoma kwake atagundua mwenyewe. Agostino ameliandika hilo kwenye *Maungamo*, kitabu cha tatu. Aliyekataa kubishana hakuwa mjinga wa hoja: naye alikuwa amelelewa kwa Wamaniki.

Utakachofanya ni kumuuliza kitu kimoja, siku mkiwa jikoni wawili: "Umepata nini kule ambacho hukukipata kwetu?" Halafu sikiliza, hata saa nzima, usitie neno. Pengine atasema kuna mtu alimjua kwa jina, kwamba alipougua walikuja kumwombea, na kwamba parokiani tangu Kipaimara hakuna aliyemuulizia. Kama ni kweli, kubali kuwa ni kweli. Akisema utakwenda motoni, jibu: "Najua umesema kwa sababu unanipenda. Nami nakuombea." Usiongeze.

Ubatizo wake wa kwanza haujafutika. Kwa imani yetu alama ile haifutwi na kitu chochote, na ubatizo haurudiwi (Katekisimu namba 1272). Yale maji ya pili hayakumwondolea kitu alichopewa utotoni. Hilo ni la kukutuliza wewe, si la kumtangazia mezani. Wengine watakusomea namba 818, kwamba waliozaliwa katika madhehebu mengine hawana hatia ya utengano. Inawahusu waliozaliwa humo, na aliyehama ni habari nyingine. Ila kuipima dhamiri yake si kazi ya mama wala ya kikao.

Chakula kikiwa tayari, mwombe yeye abariki. Wewe fanya ishara ya msalaba kama kawaida, naye asipoifanya usimtazame. Rozari ya bibi iweke kwenye sanduku la khanga, usiitundike ukutani mahali atakapoiona kila akiingia. Siku akiuliza iko wapi, mwambie.

Mapadre na watoto

*Ofisini wakianza habari za mapadre waliodhulumu watoto, nasema hata makanisa mengine na hata walimu wanafanya. Mazungumzo yanakuwa mabaya zaidi. (Karani, Nairobi)*

Yanakuwa mabaya kwa sababu umelinganisha watoto kwa takwimu. Sentensi hiyo inaweza kuwa sahihi na bado ikawa ya kikatili, na hujui kama mezani hapo yupo aliyetendwa hivyo utotoni. Mkumbuke huyo kabla ya kumkumbuka mbishi.

Sema: "Ni kweli yalitokea, na maaskofu wengine waliyaficha. Ni dhambi na ni jinai." Kisha nyamaza. Usiweke "lakini" baada yake. Kama mtu atauliza Kanisa limefanya nini, mwelezee lililo wazi: baada ya magazeti ya Boston, Marekani, kufichua unyanyasaji huo mwaka 2002 sheria zilianza kukazwa, na Mei 2019 Papa Fransisko alitoa sheria ya Kanisa iitwayo *Vos estis lux mundi*, inayowalazimisha mapadre na watawa kutoa taarifa kwa mamlaka ya Kanisa wakijua au kushuku unyanyasaji, na kuweka utaratibu wa kumchunguza hata askofu aliyeficha. Usiitaje kama ushindi. Akiuliza kwa nini bado unakwenda Misa, hilo ni swali lako binafsi. Lijibu kwa maneno yako, usiazime.

Nimeshamtukana

*Nimesoma ushauri wenu wa kutulia, lakini mimi nimechelewa. Wiki iliyopita nilimwita mwenzangu wa KKKT "mtoto wa muasi Luther" mbele ya kwaya yake. (Mwanakwaya, Iringa)*

Nenda kabla wiki nyingine haijaisha, kwa miguu yako, si kwa ujumbe wa simu. Litaje neno lenyewe: "Nilikuita hivi." Ukisema "kama nilikukwaza" umemrudishia kazi ya kuthibitisha kwamba alikwazwa. Ulimtukana mbele ya kwaya, kwa hiyo muulize kama angependa uwaombe radhi nao. Akisema inatosha, iishe. Mpe na hili, maana ni lake pia: Oktoba 31, 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani vilitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, suala lilelile lililowagawa wakati wa Luther. Halikumaliza kila tofauti, ila yaliyokubaliwa humo yanatosha kumwondoa mtu kwenye matusi.

Kosa dhidi ya mapendo liungame kwenye kitubio kama mengine, ila kitubio hakichukui nafasi ya kwenda kwake. Na siku hiyo ya kwenda, acha Biblia nyumbani. Ukimfikia nayo mkononi atadhani umekuja kuendelea.